Mahudhurio ya Jumamosi

Mama Sabina tulimzika mwezi uliopita kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani kwake, kati ya migomba na banda la ng'ombe, bila padre, bila katekista, bila hata mwanakwaya mmoja wa kuanzisha wimbo. Wimbo niliuanzisha mimi, na sauti yangu ni mbaya. Wadogo zangu walikuwa wamepanda kuja, Severini kutoka Holili anakoendesha lori, Anjela kutoka Majengo anakoshona nguo, na tukasimama watatu upande wa kichwa cha kaburi kana kwamba marehemu ndiye aliyetuzaa. Watu wa jumuiya ndogo ya kanisa walikuja pia. Walihakikisha kila mtu amesikia kwamba wamekuja kama majirani, si kama jumuiya, kwa sababu marehemu hakuwa na ndoa ya kanisa. Wakati wa kusali walibaki upande wa pili wa uzio wa masale, mikono nyuma, wakitazama migomba. Wakati wa chakula uzio haukumzuia mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikawakuta wanawake wawili wa jumuiya wanapakua ndizi, hawakuniona. Mmoja alisema, "Lakini mama, alikuwa anasali ya nini miaka yote ile, kama hapati kitu?" Mwenzake akasema, "Ndiyo ujiulize. Kila asubuhi! Na Komunyo hapewi." Yule wa kwanza akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Mimi ningelala zangu." Wakacheka, nami nikanawa mikono nikaondoka. Nimeishi kwenye mteremko huu wa mlima zaidi ya miaka hamsini, nimesikiliza mahubiri yasiyo na idadi, na sijawahi kusikia mtu wa kigango chetu akieleza imani yake kwa ukweli kama huo. Kama hupati kitu, lala zako.

Ninawadharau, lakini siwezi kujifanya siwajui. Mwaka mmoja mzima, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, mimi ndiye niliyekuwa bora kuliko wote katika dini hiyo. Wazazi wangu walikuwa wamekufa, mmoja akimfuata mwenzake, na hilo linatosha. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Nilibaki na Severini wa miaka kumi na miwili, Anjela wa miaka sita, ng'ombe mmoja na kahawa iliyohitaji kupunguzwa matawi. Nilichoondoka nacho kwenye msiba wa baba kilikuwa sentensi moja, niliyoambiwa na mzee mmoja wa ukoo huku akinishika bega: "Mungu ana sababu zake. Shika sala, Deo, usije ukampa sababu nyingine." Najua alitaka kunifariji. Lakini hesabu niliyoifanya kichwani ilikuwa rahisi sana: alikuwa amechukua wawili, na nyumbani walikuwa wamebaki wawili. Toka siku hiyo nilisali kama mtu anayemrushia mbwa mkali mfupa ili apite. Baba Yetu asubuhi, fumbo moja la rozari jioni, Misa Jumapili, jumuiya Jumamosi. Sikuzidisha hata Salamu Maria moja, kwa sababu sikuwa na hamu ya kukaa karibu na mbwa yule kuliko ilivyolazimu. Wala sikupunguza hata moja.

Jumuiya yetu ilikutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, sebuleni kwa Meku Apolinari, mwenyekiti. Meku ni mzee kwa Kichagga, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lake la ubatizo. Ilikuwa sebule ya mtu aliyewahi kutunza ghala la kahawa: kila kitu kilikuwa na mahali pake na kila kitu kilikuwa kimefunikwa. Makochi yalivishwa vitambaa vya kufuma, redio ilikuwa na kitambaa chake, hata saa ya ukutani ilikuwa na kijipazia cha maua ambacho Meku alikifungua sala ilipoanza na kukifunga ilipokwisha. Juu ya mlango palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu yenye taa nyekundu iliyokuwa imeungua zamani. Sisi vijana tulikaa chini kwenye mkeka, magoti yakigusana, tukinusa moshi kutoka jikoni, maana baada ya sala kulikuwa na chai na ndizi za kuchoma, na mimi sikumbuki hata wazo moja takatifu lililonijia katika chumba kile ambalo halikuwa na harufu ya ndizi. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko wa kidato cha pili, walinifanya katibu. Kazi yangu ilikuwa daftari la mahudhurio. Sheria ilijulikana na kila mtu: ukikosa mara tatu mfululizo bila ruhusa, unafutwa, ukifutwa, watoto wako hawapati barua ya sakramenti, na siku ukifa hakuna wa kuja kukuzika. Na kwa kuwa Meku alikuwa amewafahamu waamini wake, majina yaliitwa mwishoni, baada ya baraka, mtu asije akajibu "nipo" na kuchepuka.

Siku za Jumapili hali ilikuwa ile ile, ila kwa wingi zaidi. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekubaliana, sijui walifundishwa na nani, kwamba ukiingia kanisani kabla ya Injili umesali, na ukiingia baada yake hukusali. Basi walisimama nje kando ya ukuta, wakizungumza maziwa na kahawa, sikio moja likiwa dirishani. Aleluya ilipoanza walizima sigara na kuingia kwa pamoja kama ng'ombe waliosikia pumba zikimiminwa. Na Kwaresima ya mwaka ule nilishuhudia Mama Firmina, mke wa fundi wa vinu, akimuuliza mwenyekiti swali ambalo kumbe lilikuwa likisumbua nyumba nyingi. "Meku, ile Ijumaa mtu akipika mtori kwa mifupa, halafu akaitoa mifupa, ni dhambi?" Meku alifumba macho. "Mifupa ilikuwa na nyama?" "Kidogo tu, Meku." "Nyama ilitafunwa?" "Hata! Iliyeyukia humo humo kwenye ndizi." Chumba kizima kilingoja, watu wazima, wenye wajukuu. "Kama haikutafunwa," alisema Meku, "huo ni mchuzi. Mchuzi si nyama." "Aika, Meku!" walishukuru kwa pamoja, na mtu mmoja akapiga kofi. Na mimi niliiandika hukumu ile kwenye daftari, nikaipigia mstari, na Ijumaa iliyofuata nikapika mtori wa mifupa nikiwa na amani kabisa. Hivyo ndivyo tulivyompenda Mungu wetu: kama watu wanaotafuta tundu kwenye uzio wa jirani.

Mama Sabina hakuwemo kwenye daftari. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji uliopita mpakani mwetu, na alikuwa mke wa pili wa mwashi ambaye mke wake wa kwanza, wa ndoa ya kanisa, alikuwa hai na mwenye afya njema huko mjini. Mwashi alipanda kumwona mara chache, baadaye akaacha. Kwa sheria za kigango hakuwa na haki ya Komunyo, wala nafasi sebuleni kwa Meku, na alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Na bado kila siku, si Jumapili tu, alivuka mfereji alfajiri na ndoo yake, akapita mbele ya nyumba yetu kwenda kufagia kanisa, kubadilisha maji ya maua, na kukaa benchi la mwisho mpaka Misa iishe. Wengine walipopanga mstari wa Komunyo yeye alipiga magoti mahali pake akatabasamu, kwa kweli alitabasamu, kama mama anayetazama watoto wa wenzake wakigawiwa chakula. Watu waliona ni kichaa kidogo. Mimi niliona ni mzembe wa hesabu. Jioni moja nilikwenda kuomba moto jikoni kwake, nikamkuta anamenya ndizi za kiburu, zile za kuponda na maharage, na kuzungumza peke yake, "Na hii mvua nayo, Baba, umeisahau, au unataka tuje na ndoo zetu huko?" Nikamuuliza anazungumza na nani, akaonyesha juu kwa kisu. Nikakaa kwenye kigoda. Ng'ombe wake alikuwa akicheua upande wa pili wa ukuta wa mbao, na moshi ulikuwa mwingi, na nadhani moshi ndio uliofanya niwe jasiri.

"Mama, wanakunyima kila kitu. Unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa naye."

"Halafu?"

"Halafu narudi kukata majani ya ng'ombe." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Deo, wewe kumbe huendi kukaa naye? Unakwendaga kufanya nini?"

"Lakini wanakuweka nyuma kabisa," nilisema.

"Mimi ni mke wa pili, baba. Nyuma nimezoea. Tena nyuma ndiko kwenye mlango, hewa nzuri." Akacheka mpaka akashika ubavu, akanipa kaa la moto kwenye kigae na bakuli la kiburu cha mchana kwa ajili ya wadogo zangu. Nilirudi nyumbani nikimwonea huruma. Naomba msomaji aelewe ubaya wa jambo hilo: mimi, niliyekuwa nikimrushia Mungu mifupa, nilimwonea huruma yeye.

Masika ilipokuja nilikosa jumuiya mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza ng'ombe wetu alikuwa anazaa, mara ya pili mfereji ulibomoka na kila nyumba ilitoa mtu wa kuziba. Sikuwa nimeomba ruhusa. Katika daftari nililotunza mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mbele ya jina langu palikuwa na alama mbili nyekundu, na wiki nzima sikulala vizuri. Ijumaa jioni Anjela alianza homa. Usiku alikohoa, na kulipopambazuka alikuwa anapumua haraka haraka, tundu za pua zikicheza, ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Mtu yeyote wa mlimani anajua hicho ni kichomi. Mimi nilikijua. Nilimwekea blanketi la pili, nikamwambia Severini ampe maji ya moto kidogo kidogo, nikachukua daftari. Severini alisimama mlangoni. "Kaka, unakwenda wapi? Mtoto anakufa huyu." Nikamwambia, na ninayakumbuka maneno yangu kama yalivyokuwa: "Nisipokwenda ndipo atakapokufa." Sikuwa nasema uongo. Niliamini kabisa kwamba alama ya tatu ndiyo sababu ambayo Mungu alikuwa akiisubiri.

Siku ile Meku alichagua kuongoza mafumbo yote badala ya moja. Halafu akasoma Injili, halafu akaieleza, halafu akawasema vijana wanaovaa suruali za kubana. Mvua ilipiga bati hata hatukusikiana, na yeye akanyamaza mpaka ipungue ili tusikose neno. Niliitazama ile saa yenye kijipazia. Nilikuwa nimepiga magoti, midomo yangu ikisema Salamu Maria, na ndani yangu hapakuwa na sala yoyote, palikuwa na mtu mmoja tu anayengoja kuandikwa. Ningeweza kunyanyuka. Mlango ulikuwa wazi. Wangeniuliza kuna nini, ningesema, na nadhani hata watu wale wangesema nenda. Sikunyanyuka. Majina yalipoitwa nilijiitikia mwenyewe, nikajiwekea alama ya bluu, na furaha niliyoisikia wakati ule ndiyo kitu ninachokionea aibu kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Hata ndizi nilikula. Mbili.

Nilikuta nyumba wazi na kitanda kitupu. Severini alikuwa amekaa kizingitini, amelowa. Alikuwa amevuka mfereji kumwita Mama Sabina, naye alikuwa ametoka kanisani muda ule ule. Hakuuliza kitu, alimfunga Anjela mgongoni kwa kanga mbili, akajifunika mfuko wa plastiki, akateremka naye kwa miguu kwenda hospitali ya misheni, njia ambayo mtu mwenye afya, asiye na mzigo, huiteremka kwa saa nzima wakati wa matope. Niliteremka kwa kukimbia na kuanguka. Niliwakuta kwenye ukumbi wa wodi, Anjela amelazwa na mpira wa hewa puani, Mama Sabina kwenye benchi, bila viatu, miguu yake imejaa tope mpaka magotini. Muuguzi alinitazama akauliza mimi ni nani kwa mtoto. Nikasema kaka yake. "Ulikuwa wapi, kaka?" alisema, akaenda zake, maana hakuwa na haja ya jibu. Baada ya muda alirudi akasema mtoto atapona, ila wangechelewa kidogo tu asingepona. Nilikaa kwenye benchi. Nilitaka Mama Sabina anikaripie, akawa anajikuna tope kwa kijiti.

"Mama, nilikwenda kumwombea," nilisema.

"Kumwombea nani?" Hakupandisha sauti. "Wewe ulikwenda kuandikwa."

Niliitazama miguu yake.

"Na huyo Mungu wako, Deo, ni wa namna gani? Anakaa sebuleni kwa Apolinari, anakungoja umwache mtoto ndipo afurahi? Mimi huyo simjui. Ningekuwa namjua, nisingemfagilia." Akaendelea kukuna tope. Kisha akasema, "Wewe unampenda Anjela?" Nikasema ndiyo. "Unamwogopa?" Nikasema hapana. "Basi unajua kupenda. Usijifanye hujui."

Anjela alitoka hospitalini baada ya siku tisa. Jumuiya ilikuja nyumbani kushukuru, na chumba chetu chenye kitanda kimoja na meza moja kilijaa makoti ya mvua. Mama Sabina ndiye aliyekuwa akimimina chai, na walipokea vikombe kutoka mkononi mwake bila kumtazama usoni. Meku Apolinari alisimama, akaweka kiganja kichwani pa Anjela, akasema, "Mmeona, ndugu zangu, faida ya uaminifu? Siku mtoto alipougua, huyu kijana hakukosa sala. Mungu naye hakumkosa." "Amina," walisema. Nilimtazama Mama Sabina. Alikuwa anachungulia kwenye birika kuona kama chai inatosha. Ilinipasa kusema. Niliinamisha kichwa nikapokea sifa zangu kama kawaida ya mtu wa dini. Nimewasema vibaya watu wale katika kurasa hizi na nitaendelea kuwasema, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeukalia ukweli kwa utulivu kama nilivyoukalia mimi siku ile.

Ilinichukua wiki. Ijumaa iliyofuata nilipeleka daftari kwa Meku. Alikuwa barazani anachagua maharage kwenye ungo. "Shikamoo, Meku." "Marahaba. Mbona umekuja leo, jumuiya si kesho?" Nikamwambia sitakuja kesho, wala Jumamosi ijayo, wala ile ya tatu, ili asihangaike kuhesabu, na kwamba Jumapili nitasali kama kawaida, benchi la nyuma. Alidhani nimehamia kwa Walokole. Nilipomwambia hapana, alikasirika zaidi, maana jambo hilo halikuwa na jina. "Wewe ni yatima," alisema. "Una watoto wawili wa kulinda. Unajua unacheza na nani?" Nikasema najua kidogo. "Na ukifa? Nani atakuzika?" Nikamwambia, "Meku, siku hiyo nitakuwa nimekufa, mtajua wenyewe." Aliuweka ungo chini. "Kiburi kilimuua baba yako," alisema. Baba yangu aliuawa na kifua kikuu. Niliweka daftari juu ya maharage yake nikaondoka. Nilikuwa nimesema yote yale kwa mdomo tu. Ndani bado niliamini nusu ya maneno yake.

Jumamosi ile, saa kumi na mbili, nilisikia wimbo wa kuanzia ukipanda kutoka kwa Meku, nami nilikuwa nimesimama uani na panga mkononi. Siku nzima niliwachunga wadogo zangu kama mwehu. Nilimkataza Severini kupanda mparachichi. Nilimkataza kwenda mferejini. Anjela alikohoa mara moja kwa sababu ya moshi, nikaacha sufuria, nikaenda kuweka sikio kifuani pake mpaka akanisukuma. "Kaka, unaninyonga." Mchana nilimkuta Severini amelala chini ya mgomba, nikamwamsha kwa kumtikisa, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nyoka hakutokea. Mti haukuanguka. Jua lilizunguka likashuka upande wake wa kila siku, mlima ukafunuka dakika chache ukajifunika tena, ng'ombe akataka kukamuliwa. Tulikula mtori, wa nyama, nyama ya kutafuna, na wale wawili waligombania mfupa mpaka nikawagawia. Kisha walilala, mmoja huku na mwingine huku, kwenye kitanda kimoja, midomo wazi.

Nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama. Nilikuwa nimezoea wakati huo kulipa fumbo langu moja la rozari, haraka, kabla usingizi haujanikamata, na mwisho wake kila siku yalikuwa maneno yale yale: usimchukue Severini, usimchukue Anjela. Siku ile nilifungua mdomo na maneno hayo hayakuja, kwa sababu kwa mara ya kwanza sikumwona mtu yeyote upande wa pili aliyekuwa amenyoosha mkono kuwachukua. Nikamwambia Mungu jinsi walivyogombania mfupa.